Nilimwambia Asilipe Mahari, Tujenge Kwanza

Nina miaka arobaini na miwili na sina mahali pa kuita kwangu. Sitaki huruma ya mtu. Nataka tu mwanamke mmoja huko Nairobi asome haya kabla hajafanya nilichofanya mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa Kitisuru, mtaa wa matajiri Nairobi. Mwenye nyumba hakuwa mzee, lakini alikuwa ameacha kazi akiwa na miaka arobaini na mitano tu! Asubuhi alikunywa chai kwenye veranda, akasoma gazeti polepole, kisha akawapeleka watoto wake shuleni mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kwa woga pesa zinatoka wapi. Akacheka, akaniambia ana fleti Ngara na wapangaji ndio wanaomlisha.

Jamani, maneno yale yaliniingia! Nilikuwa na miaka ishirini na minane na binti mmoja, Sharon, wa miaka minne. Nikaapa kwamba nikifika arobaini nitavua aproni, nitaishi kwa kodi ya nyumba zangu, na nitamlea mwanangu kwa mikono yangu.

Baba yake Sharon, Njoroge, alikuwa kinyozi Uthiru na aliishi katika boma la baba yake. Mzee alikuwa na shamba. Alitupeleka nyuma ya zizi la ng'ombe, akanyoosha bakora, akasema kuanzia hapa mpaka kwenye ule mparachichi ni pa Njoroge, jengeni. Hati ya shamba ilikuwa moja tu, kwa jina la mzee, na hakuna kilichokuwa kimegawanywa. Lakini nani humdai baba yake hati? Kaka zake wote walikuwa wamejenga hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu...

Njoroge alitaka kupeleka mahari kwetu Kakamega. Alitaka, sitamsingizia! Alikuwa hata ameshazungumza na wajomba zake. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, "Baba Sharon, hiyo pesa ya ng'ombe ni vyumba viwili. Tujenge kwanza. Watu wetu hawaendi popote."

"Uko sure?" akaniuliza. "Wazee hawatapenda."

Nikamcheka. Nilijiona mjanja kuliko wazee wote wa Uthiru.

Kazini nililala kwenye kijumba cha wafanyakazi na watoto hawakuruhusiwa. Kuajiri msichana wa kumtunza Sharon kungekula akiba yetu, kwa hivyo nikampeleka kwa mama yangu Kakamega. Alilia akiwa ameng'ang'ania sketi yangu, nikambandua vidole. Nilimwahidi nitakuja kumchukua nyumba zikiisha.

Basi nikawa bahili wa kutupwa! Viatu vilinipasukia miguuni na sikununua vingine. Nauli ya kwenda kwetu niliigeuza simiti. Nikakosa Krismasi moja, halafu nyingine... Mama alipopiga simu kuniambia kwamba mtoto ananiulizia, nilijibu, mwambie mama yake anajenga. Baadaye mama akaacha kuniambia kwamba ananiulizia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani mtoto amezoea.

Mshahara wangu karibu wote ulimwendea Njoroge. Yeye ndiye aliyenunua mawe na mabati, yeye ndiye mafundi waliyemjua, na risiti zote za hardware, duka la vifaa vya ujenzi, zilikuwa na jina lake. Polepole vyumba kumi vikasimama na vyote vikapata wapangaji. Kodi inaingia benki, Njoroge aliniambia, tusiiguse mpaka utakapostaafu. Nilikuwa nikilala usiku nikijiona kwenye veranda yangu, Sharon kando yangu akifanya kazi ya shule.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane Jumamosi ile mwajiri wangu aliponipa ruhusa bila kutarajia. Kufika Uthiru nikakuta basi la kukodi langoni. Wazee walikuwa wamevaa makoti, akina mama wako ndani ya vitenge vya sare, na mbuzi wanapakiwa kwenye pikapu. Nikamuuliza Mama Kevo, mpangaji wa chumba cha kwanza, kuna nini.

"Si wanapeleka mahari ya Baba Sharon?" akasema. "Kwani hukuambiwa?"

Moyo wangu uliruka! Nilijua tu wanakwenda kwetu, wametaka kunishtukiza. Nikakimbia chumbani kwa Njoroge, nikavaa gauni langu la kanisa, nikajipaka mafuta. Nilikuwa hata nikiwaza kama mama ana sufuria za kutosha kupikia wageni wengi hivyo.

Nilipotoka, Wambui, dadake Njoroge, alinivuta kando. Alikuwa analia.

"Mama Sharon, vua hiyo nguo," aliniambia. "Wanaenda Limuru."

Limuru! Kulikuwa na msichana huko, na tayari alikuwa na mimba ya Njoroge. Kodi ya vyumba vyangu ndiyo iliyonunua wale mbuzi. Nilisimama pale na gauni langu huku basi likiondoka. Njoroge alikuwa ameketi mbele, karibu na dereva. Hakugeuka!

Wiki iliyofuata nililia mpaka mzee akaitisha kikao. Nikaeleza nilivyojenga, nilivyojinyima, nilivyomwacha mtoto. Mzee hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniuliza kwa upole, "Mama, sisi tulikuja kwenu siku gani? Hata mbuzi moja hatujapeleka. Sasa nikuite bibi ya nani?"

Nikamtazama Njoroge. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Ni wewe ulisema tusipeleke," akasema. Hayo tu. Na yalikuwa kweli!

Kwa chifu niliambiwa shamba ni la mzee na kila kilicho juu yake ni chake, kama sitaki niende kortini na wakili. Wakili wa kulipwa na nini?

Niliacha kazi Kitisuru kwa sababu nilikuwa nikimwona yule bwana kwenye veranda nashindwa kupika. Kwa hivyo nilistaafu kabla ya arobaini, kama nilivyoapa. Mungu naye ana utani! Nikafunga mfuko mmoja, nikaenda kwa mwanangu. Nilijiambia kwamba nyumba zimekwenda, lakini Sharon bado ni wangu.

Nilimkuta msichana mrefu wa miaka kumi na minne. Alinisalimia kwa mkono, akanipokea mfuko, akaniketisha kwenye kile kiti chenye kitambaa kilichofumwa, kiti cha wageni. Aliniletea maji ya kunawa. Alikuwa na adabu, na adabu yake iliniumiza kuliko basi la Limuru.

"Unaondoka lini?" aliniuliza. "Nataka kujua kama tuchinje kuku leo ama kesho."

Nikamwambia siondoki tena, nimekuja kukaa na yeye. Akageuka.

"Mama," akasema, "sasa atalala wapi?"

Alikuwa akimuuliza mama yangu.

Ndugu zangu wasomaji, sisemi msiweke akiba. Wekeni! Lakini usimwage jasho lako kwenye shamba ulilonyooshewa kwa bakora. Dada, usiseme mahari ni hasara, utakuja kuulizwa wewe ni nani na utakosa jibu. Na mtoto wako mlee leo, hata kama ni kwenye chumba kimoja cha mabati na mnalala chini. Nawasihi, msimwambie angoje... Mimi nilitaka kustaafu mapema ili niwe mama. Nilipostaafu, nikakuta nafasi hiyo imeshachukuliwa.