Mikono ya Mama Kwenye Kadi

"Weka chini hiyo kadi, tafadhali. Si yako tena."

Aliyesema hivyo ni yule dada wa ofisi ya wafanyakazi. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametugawia barua za kuachishwa kazi wachoraji wote saba, kila mtu na bahasha yake, tabasamu lake moja tukagawana.

Sikuiweka. Nilikuwa nimerudi kuchukua kalamu zangu na kikombe tu, lakini juu ya meza yangu palikuwa na boksi la mchezo wetu mpya wa mezani, sampuli kutoka kiwandani, bado inanukia wino. Kadi tisini na sita. Hakuna hata moja iliyochorwa na mtu, zote zimetengenezwa na akili mnemba.

Niliyoishika ilikuwa Malkia wa Chumvi. Sura yake siijui. Mkono wake naujua. Kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani, ukucha umepasuka katikati. Mama yangu alibanwa na mlango wa ghala kabla hajanizaa, na kidole chake kikabaki hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini.

Nikafunua kadi nyingine, ya Mganga. Kidole kile kile. Nikafunua Mlinzi wa Lango, jitu la mabavu lenye ndevu mpaka kifuani. Mkono wa mama!

"Hii mikono mmeitoa wapi?"

"Mimi mambo ya picha siyajui, dada yangu. Muulize mwenzio. Yeye ndiye aliyesimamia."

Mwenzangu ni mhariri wa michezo ya mezani pale pale kazini, mchumba wangu wa miaka mitatu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tufunge ndoa.

Ngoja niwaeleze jambo moja, ndipo mtanielewa. Mama alipolazwa, nilikaa kando ya kitanda chake siku kumi na tisa nikimchora mikono, maana usoni nilishindwa kumtazama. Alipofariki sikuweza kuifungua ile michoro tena. Nikampa mchumba wangu.

"Nitunzie," nilimwambia. "Siku nikipata nguvu nitakuomba."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiona.

Nilimkuta stoo, anahesabu maboksi ya michezo ya zamani.

"Rangi! Nilikuwa nakutafuta." Ameniita Rangi tangu siku ya kwanza, nilipoumwagia muswada wake wino wa bluu.

"Michoro ya mama iko wapi?"

"Ipo nyumbani. Ipo salama kabisa."

Nikamtupia kadi kifuani. Ikaanguka, wala hakuinama kuiangalia. Hapo nikajua ameshaiona.

"Kaa kwanza, nikueleze."

"Nieleze nikiwa nimesimama. Viti si vya kampuni? Mimi si wa kampuni."

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ile mashine ilikuwa inashindwa mikono. Picha inakuja nzuri, ukifika mkononi unakuta vidole sita, vidole saba. Bosi akasema itafutwe michoro ya mikono ya kweli, mingi, ya kila upande, tuilishe. Akaniahidi picha zikikaa sawa kabla ya mwezi kwisha, kati yetu sisi wawili atambakiza mmoja."

"Mmoja nani?"

"Nilidhani utakuwa wewe."

"Ulidhani, au ulimwambia?"

Akashika boksi lililokuwa karibu, akalirudisha chini.

"Rangi, tunaoana. Angalau mmoja wetu awe na kazi. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Kumbe ulijua!"

"Sikujua kama kidole kitatokea vile. Nilidhani mashine itachanganya tu, ijifunze umbo la mkono, basi. Kumbe yenyewe imekishika kama kilivyo, imekiweka kila mahali."

Huyo ndiye mtu aliyehariri michezo miaka kumi na moja. Kosa la herufi moja kwenye kanuni analiona kutoka mlangoni.

"Nijibu swali moja," nikasema. "Kabla hujatuma, uliifungua ile michoro?"

"Niliifungua."

"Uliuona ule wa mwisho?"

Ule wa mwisho niliuchora mama akiwa ameshakata roho. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu wa kushoto, nikachora kwa wa kulia mpaka manesi walipokuja.

"Niliuona. Nilikaa nao muda mrefu sana." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nililia, Rangi. Mungu ananiona, nililia."

"Ukalia, halafu ukatuma."

"Nikatuma."

Angenidanganya kwamba hakuutazama, pengine leo ningekuwa mke wa mtu. Nilimpenda mno yule mwanaume, uongo wake ningeuokota na kuushika kwa mikono miwili. Akanipa ukweli. Nikageuka nikatoka, kalamu zangu nikaziacha kule mezani.

Nilikuwa kituo cha basi, jua la saa nane linanichoma utosini, ujumbe wake ulipoingia.

"Nimemwambia bosi aifute michoro ya mama kwenye mashine."

Baada ya dakika kumi ukaja mwingine.

"Anasema haiwezekani. Ikishajifunza imejifunza. Nisamehe mpenzi wangu. Nisamehe."

Simu ikaita. Mama mdogo, mdogo wake mama, aliyebeba harusi yetu yote mabegani.

"Mwanangu, mwenzio kanipigia analia kama mtoto. Anasema mmekorofishana mambo ya kazi. Kazi ndiyo ya kuwagombanisha? Na mimi hapa fundi ameshaleta nguo tujaribishe."

"Mama mdogo, harusi hakuna."

"Makubwa! Amekupiga?"

"Hajanipiga."

"Ana mwanamke nje?"

"Hana."

"Sasa mimi watu nitawaambia nini? Mwanaume mpole vile, pombe hanywi, salamu hazimpiti! Nitawaambia bibi harusi kakasirikia kompyuta?"

Nilitaka kucheka. Nikamweleza polepole: michoro niliyompa anitunzie, mashine iliyoshindwa mikono, kadi tisini na sita zinazokwenda madukani.

"Subiri kwanza," akanikatiza. "Mikono ya dada?"

"Ndiyo."

"Ile ya hospitali? Uliyonikatalia hata mimi nisiione?"

"Hiyo hiyo."

"Na alijua ni ya nani?"

"Si ndiye aliyekuwa akimkata kucha pale wodini, mama mdogo?"

Upande wa pili nikasikia kiti kikisogezwa, halafu sauti yake akizungumza na mtu mwingine.

"Fundi, kunja hizo nguo. Hapana, hata yangu usinivalishe. Kunja tu."

Akarudi kwangu.

"Uko wapi?"

"Kituoni."

"Njoo nyumbani. Watu niachie mimi."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia kama ulivyoniambia. Asiyeelewa, basi hata kwenye msiba wetu hakuwepo."

Tangu asubuhi sikuwa nimetoa chozi, si kwa barua ya kazi, si kwa kadi, si kule stoo. Nikalia pale kituoni mchana kweupe, basi langu likaja, likaondoka, na mimi bado nimekaa.