Kiwiko cha Mzee Stamen

Kila asubuhi, katika kiwanda cha jibini cha ushirika wa kijiji, Mzee Stamen alinawa mkono, akachovya kiwiko kwenye sufuria kubwa la maziwa ya kondoo, akafumba macho. "Tayari," alisema. Ndipo dawa ya kugandisha ilipotiwa. Miaka thelathini hakuna aliyemuuliza anajuaje.

Siku moja goti likamzidi. Akaenda kujitibu kwenye mabwawa ya maji moto, siku kumi. Mkewe Zdravka, mwenyekiti wa ushirika, akabaki na viwiko vya watu wengine.

"Bado baridi," alisema Zdravka.

"Mbona mimi yananichoma?" aliuliza Penka, mfanyakazi wake.

Jibini ya siku hiyo ilitoka ngumu kama soli ya kiatu. Ya kesho yake ilikuwa uji. Hoteli ya mjini, mnunuzi wao pekee, ikawapa mpaka Ijumaa kurekebisha. Zdravka aliogopa kwelikweli, maana bila hoteli hakuna ushirika. Akampigia mumewe simu.

"Dawa unatia kiasi gani?"

"Kiasi chake."

"Ndiyo kiasi gani, we mwanamume?"

"Kidogo. Ila si kidogo sana. Niache, niko majini."

Radka, bibi mifugo wa wilaya, alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe ujuzi wote wa kiwanda umekwenda kuoga. Mrudisheni kwa siku moja. Yeye afanye, ninyi mpime na kuandika. Kisha mwingine afuate daftari. Akikwama, sahihisheni."

Stamen alikuja amenuna. "Mkishaniandika, mimi wa nini tena?"

"Wa kwangu," alisema Zdravka. "Chovya."

Akachovya. Kipimajoto kikasoma nyuzi thelathini na mbili. Akachovya mara tatu, zikawa zilezile. Dawa ikapimwa kwa kijiko, na yote yakaandikwa.

Penka akafuata daftari kwenye sufuria la pili. Maziwa yakagoma kuganda.

"Hamkufunika blanketi," alisema Stamen.

"Hukusema, mzee."

"Na hilo nalo husemwa?"

Likaandikwa, mstari wa sita. Daftari likatundikwa ukutani. Ijumaa hoteli ilichukua jibini yote, ikaagiza nyingine.

Stamen akarudi majini. Siku ya nane akapiga simu. "Mmekwama?"

"Hapana," alisema Zdravka.

"Hata kidogo?"

"Oga, mume wangu. Hujawahi kupumzika."

Alirudi anatembea vizuri. Akachovya kiwiko, akatia dawa, akageuka kuondoka.

"Mzee," alisema Penka, akionyesha ukutani. "Mstari wa sita."

Stamen akausoma taratibu, akaenda kuchukua blanketi.