Mkono wa Lidwina

Siku ya kumi na mbili baada ya maziko ya mkewe, Mzee Kajetani alirudi kutoka shambani akakuta karata zake mezani, zimekatwa mafungu manne. Asubuhi alikuwa ameziacha ndani ya boksi lake, juu ya kabati. Alifunua karata ya juu ya kila fungu. Ree ya shupaza. Ree ya kopa. Ree ya uru. Ree ya pau.

"Devota," aliita, "nani amezigusa karata?"

"Mimi nimelala na mtoto tangu saa saba, Baba," binti yake alijibu kutoka chumbani. "Labda ni wewe mwenyewe. Juzi si ulitia chumvi kwenye chai, ukainywa yote, ukasema ni tamu?"

Ilikuwa kweli, na mzee alicheka kidogo. Lakini sebule ilinuka udongo uliochimbuliwa upya, ilhali nje kulikuwa na jua kali.

Kiinimacho kile cha ree nne kilijulikana Matogoro nzima. Kajetani alifundishwa ujanani, alipokuwa akipasua mbao milimani, na mwenzake ambaye sasa ni marehemu. Mtazamaji huzikata karata mafungu manne, hufuata maelekezo mawili matatu, na juu ya kila fungu hutokea ree. Kwa miaka arobaini na mmoja mkataji alikuwa mmoja tu, mkewe Lidwina. "Kata, Mama Devota," mzee alikuwa akisema mbele ya wageni, naye Lidwina hukata, na ree zilipotokea aliuinua mkono wake wa kulia watu wauone. Aliamini bahati imo mkononi mle. Majirani nao waliamini: wakamwita adondoshe mbegu ya kwanza ya mahindi, wakamwita awe wa kwanza kumpakata mtoto mchanga. Kajetani hakumwambia siri ya mchezo. Mwanzoni aliona ni utani, na baadaye aliona amechelewa.

Kosa lilitendeka matangani. Kama ilivyo desturi, wanaume waliokaa na mfiwa walicheza karata chini ya turubai ili muda upite. Mchana wa siku ya tatu mmoja wao alimwomba mzee awaonyeshe kiinimacho chake, apate kusahau japo kidogo. Kajetani alizipanga karata, akaziweka juu ya mkeka, na ulimi uliozoea ukaitangulia akili.

"Kata, Mama Devota."

Watu waliinamisha vichwa. Hapo Devota, aliyekuwa akipita na sinia la vikombe, alilitua chini, akapiga magoti na kuzikata karata kwa mkono wa kulia. Wote walidhani anamsitiri baba yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba Devota ni wa mashoto tangu utoto.

Baada ya kuzikuta zimekatwa mezani, mzee aliamua kupeleleza. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alizichanga karata kwa haki, bila kupanga hata moja, akaziweka mezani, akajifanya anasinzia kitini. Mvua ilianza kupiga bati. Devota alitoka chumbani akiburuta miguu kama mtu mwenye umri wa mama yake, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akakata kwa mkono wa kulia, na ree nne zikatokea bila mtu yeyote kuzipangia njia. Ile harufu ya udongo ilijaa sebuleni.

"Baba Devota," kinywa cha binti yake kilisema kwa sauti ya Lidwina, ileile yenye mkwaruzo, "mbona leo hukuniita?"

Angekimbia, angeeleweka. Hakukimbia. Moyo wake ulikuwa umekauka kwa siku kumi na tatu, na sauti ile ilikuwa maji.

"Nilidhani umechoka," alinong'ona.

Wakazungumza, habari ya mahindi na habari ya paa linalovuja. Alasiri iliyofuata mzee alioga, akavaa shati safi, akaketi mezani akasema mwenyewe, "Kata, Mama Devota." Alifanya hivyo siku nne mfululizo.

Siku ya tano ndipo alipomtazama binti yake. Mkono wa kulia wa Devota ulikuwa wa baridi, kucha zake nyeupe. Maziwa yalikuwa yamemkauka. Mwanawe Stumai, wa miezi mitano, alikuwa akipiga kelele kila mkono ule ulipomsogelea, na tangu jana alikuwa akinyweshwa uji mwepesi kwa kijiko.

"Mpe basi ziwa, huenda yakashuka," mzee alisema.

Devota alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Huyu ni wa nani, Baba?"

Mzee alivaa viatu bila soksi, akaenda nyumba ya tatu kwa Bi Mwamvua, mwenyeji wa Nalasi aliyerithi uganga kwa baba yake. Alimweleza yote, hata zile siku nne. Bi Mwamvua alisikiliza akichambua mchele.

"Mzee mzima unafunga ndoa na sauti," alisema. "Ungeniita siku ya kwanza ningelifukuza jini hilo kwa ubani tu."

"Nikemee, lakini uje."

"Nitakuja. Ila sikiliza. Jini hili limeitwa kwa neno lako, nalo limeuvaa mkono wa marehemu kwa sababu ya ile sifa ya bahati. Livue. Sema mbele yake kwamba mkono ule haukuwa na bahati, useme na siri yako yote. Kisha likikuita, usijibu. Ukijibu hata kwa kuguna, mimi sitaliweza tena, na mtoto yule atakosa mama, mama mwenyewe angali hai."

"Na kama si jini? Kama ni Lidwina?"

Bi Mwamvua aliusogeza ungo. "Waliokufa hawarudi kukata karata, ndugu yangu," alisema, lakini hakumtazama usoni.

Alasiri hiyo, mvua ikinyesha, walifukiza ubani na kufungua mlango wa mbele. Bi Mwamvua aliketi sakafuni, Stumai mapajani, akisoma dua kwa sauti ya chini. Kajetani aliziweka karata mezani, na kabla hajasema neno Devota alikuwa amekwisha kuketi na kukata.

"Lidwina," mzee alisema, "mkono wako haukuwa na bahati. Ree zilikuwa juu tangu mwanzo, nilikuwa nikizipanga kabla sijakuita, na wewe ulipokata nilikuelekeza ushushe tatu chini na kugawa tatu kwenye mafungu mengine, na fungu lenye ree nililiacha mwisho ili zijigawe zenyewe, yeyote angekata zingetoka, mtoto angekata zingetoka, nami nilikuacha ujivunie mbele za watu miaka arobaini na mmoja kwa jambo ambalo halikuwa lako, na sikumwambia mtu yeyote, wala padri."

Mvua ilikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Mkono wa kulia wa Devota ulilegea, ukaanguka mapajani, na kichwa chake kikalala mezani. Sauti haikutoka tena kinywani mwake. Ilitoka mlangoni.

"Nilijua, Baba Devota."

Bi Mwamvua aliacha kusoma.

"Nilikuona ukizipanga nyuma ya mlango wa jikoni, mwaka uleule tuliooana. Nilikata kwa kuwa ulikuwa ukifurahi."

Mzee alifumbua kinywa. Bi Mwamvua alimtolea macho, akamwinua juu mtoto aliyekuwa akilia ili amwone. Kajetani alifumba kinywa, akauma ulimi hata akaionja damu yake.

"Nani amekufulia shati hilo?" sauti iliuliza, sasa ikiwa barazani. Ikangoja, jinsi Lidwina alivyokuwa akingoja jibu, bila haraka. Kisha ikauliza kutoka kwenye mistari ya mahindi, "Umekula leo?"

Devota aliinua kichwa, akapangusa macho, akanyoosha mkono wa kushoto. "Mnanishikia mtoto wangu mnamfanyia nini? Nileteeni." Stumai alinyamaza palepale, akalishika ziwa.

"Baba Devota. Umekula?"

Ilikuwa mbali sasa, upande wa milimani, ikirudia swali lile moja kila baada ya kitambo, bila hasira, kama mtu asiyeelewa kwa nini hajibiwi. Bi Mwamvua alimwashiria mzee aufunge mlango. Hakuufunga, wala hakuziba masikio. Alikuwa amekatazwa kujibu tu. Alisimama kizingitini, kinywa kimejaa damu, akasikiliza mpaka sauti ilipokwisha.