Jina la Pili kwenye Orodha

Foleni ya soseji za damu katika soko la Tampere, mji wa viwanda nchini Ufini, ilikuwa ndefu Jumamosi ile ya Oktoba, mwaka 1906, na Saima Lehtoranta alikuwa na njaa ya mtu aliyeshinda kwenye mtambo wa kufuma tangu alfajiri. Muuzaji akatangaza kuwa kimebaki kipande kimoja. Mwanamume aliyekuwa mbele yake akakidaka.

"Samahani, kaka. Hicho unakila peke yako?"

"Ndiyo ilikuwa nia yangu, dada, mpaka uliponitazama kwa macho hayo."

"Macho yangu yana nini?"

"Yana njaa. Mengine sisemi mbele za watu."

Saima akacheka, na kicheko chake kikamponza. Mwanamume alivaa kofia ya manyoya upandeupande, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino. Aliitwa Eevertti Koskivaara, mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji. Naye Saima alijifunga shali nyekundu, nywele zake zimejaa vumbi la pamba lisilotoka hata kwa kuchana. Wakala kile kipande wakiwa wamesimama, kwa rojo chachu la matunda, wakigombea ncha.

Kufikia Krismasi kiwanda kizima cha pamba kilikuwa kinajua kuwa wanapendana. Saima alimwita Vertti, na Vertti alimwita kipenzi hata mbele ya wasimamizi, bila haya.

Mwaka uliofuata nchi ilikuwa ichague bunge, na kwa mara ya kwanza wanawake wangepiga kura na hata kugombea. Saima alitaka kitu kimoja tu kutoka bunge hilo. Dada yake, Aliina, alirudi kwenye mtambo siku nne baada ya kujifungua, maana asiporudi nafasi yake ingechukuliwa. Alivuja damu palepale, akafa. Saima alitaka asimame bungeni Helsinki awaambie watunga sheria jambo hilo machoni pao. Alipolisimulia katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi hakuna aliyekohoa. Wakampendekeza agombee, pamoja na Eevertti na fundi viatu mmoja mzee.

Sasa, orodha ya wagombea ilikuwa na majina matatu. Mpiga kura alichora mstari mwekundu kwenye orodha aliyoitaka. Jina la kwanza lilipata kura nzima, la pili nusu, la tatu theluthi. Asiyeridhika na mpangilio aliruhusiwa kuandika namba zake pembeni mwa majina.

Orodha ilipotoka, wa kwanza alikuwa Eevertti.

"Vertti, mbona wewe ndiye uko juu?"

"Kamati imeamua, kipenzi. Wanasema watu wa mashambani hawajazoea jina la mwanamke."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesema nini? Chama ni chama."

Saima akameza. Ila wafumaji wenzake hawakumeza, hasa Loviisa, mama mmoja mwenye mdomo.

"Tutakuandikia namba moja pembeni, mwanangu. Mimi sitembei kwenye theluji kwenda kumchagua bwana'ako!"

"Msiguse namba, mama. Mkikosea, kura zinaharibika. Chama kimeshaamua. Choreni mstari, basi."

"Haya. Lakini mapenzi yamekulevya, wewe."

Siku ya kura, mwezi Machi, Saima aliingia kwenye kibanda akashika penseli nyekundu. Aliitazama nafasi iliyokuwa wazi kando ya jina lake. Akachora mstari, akatoka. Kura yake mwenyewe ilimhesabia nusu.

Eevertti akashinda. Saima akakosa kwa kura mia mbili na kitu.

"Ya Aliina utayasema?" alimuuliza, macho makavu.

"Nitayasema, haki ya Mungu."

Mambo yangeishia hapo, na pengine wangeoana, kama Saima asingekutana na mwenyekiti wa chama kwenye ngazi za ukumbi mwezi Mei.

"Bado nasikitika, binti yangu," mzee akasema. "Kamati ilikuweka wewe juu. Eevertti alipotuambia kwamba umeomba mwenyewe kushuka, kwa kuwa mnaoana, tukasema basi, ni hiari yake."

Saima aliketi kwenye ngazi. Wiki nzima Eevertti alipiga mluzi chini ya dirisha lake, na dirisha halikufunguliwa. Siku ya Eevertti kusafiri kwenda bungeni ndipo Saima alipomfuata stesheni. Alimkuta amevaa suti mpya nyeusi, sanduku mkononi.

"Umekuja! Nilijua utakuja, kipenzi."

"Kwa nini, Vertti? Nijibu hilo tu."

Angeweza kudanganya. Tumpe haki yake, hakudanganya.

"Niliogopa. Nilikuona pale ukumbini nikasema, huyu akifika Helsinki hatarudi kwa mpanga herufi. Nikaona bora niende mimi, halafu nikuchukue."

"Ungeniambia unaogopa ningekubali unioe siku ileile. Ningeingia bungeni nikiwa mke wako. Nani alikuambia haiwezekani?"

Eevertti alitoa pete mfukoni.

"Twende wote. Nisamehe. Kila utakachotaka kisemwe, nitakisema."

Saima alimpenda, mtu asidanganyike. Akakikunja kiganja cha Eevertti juu ya ile pete.

"Nimekusamehe. Lakini uliingia kwenye kamati ukasema kwa niaba yangu nisilolisema, halafu ukaniacha niwakataze wenzangu. Nikiwa mkeo, nitakuwa najiuliza kila siku leo umenisemea nini."

Kengele ikalia. Akamtengenezea kola, kama alivyozoea.

"Ukisimama kule, usiseme dada wa mtu fulani. Sema Aliina Lehtoranta, mfumaji, miaka ishirini na miwili. Siku nne, Vertti. Wasije wakaandika wiki."

"Siku nne," akaitika, analia waziwazi.

Akapanda. Treni ilipoanza kusogea, alikuwa bado dirishani, midomo yake inalirudia lile jina. Saima alisimama mpaka behewa la mwisho likapotea. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha mayai, aliyekuwa akiwatazama muda wote, akamsogelea.

"Pole, dada. Ni mumeo yule?"

"Hapana," Saima akasema. "Ni mbunge wetu."

Ndipo machozi yaliyokuwa yamemgomea tangu Machi yakamtoka, na yule mwanamke asiyemjua akaweka kikapu chini, akamshika.