Mguu wa Bibi na Mto wa Kamanda

Kila alipotoka shuleni, Kamanda aliutupa mkoba kitini na kwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi kukagua mguu. Jina hilo alipachikwa na Bibi mwenyewe, maana mjukuu huyu wa miaka kumi na miwili alijua kuamrisha tu.

Na kila siku aliukuta mguu wa kushoto ukining'inia nje ya kitanda.

"Bibi! Jana tulisemaje?"

"Ulisema wewe. Mimi nilinyamaza."

Kamanda aliuinua mguu, akaulaza juu ya mto. Jirani mmoja alimwambia kwamba miguu ya wazee huwekwa juu, naye hakutaka kusikia lingine. Bibi alisubiri ageuke, kisha akaushusha tena. Walivutana hivyo majuma kadhaa, hadi nyumba nzima ikachoka kuwasikia.

"Ukiwa juu unawaka moto," Bibi alilalamika.

"Unadeka tu, Bibi."

Jumamosi moja Kamanda aliamua kumwosha miguu. Bibi aliing'ang'ania soksi ya kushoto kama mtoto anayenyang'anywa peremende, lakini ikatoka. Mguu ulikuwa wa baridi. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kidonda, na kingo zake zilikuwa nyeusi.

"Hiki kimeanza lini?"

"Usimwambie mama yako! Watanikata mguu. Nitatembelea nini, ulimi?"

Kamanda alikasirika, kisha akaogopa. Alimwita Mama papo hapo, huku Bibi akimwita msaliti.

Hospitalini daktari alitafuta mapigo ya damu mguuni, asiyapate.

"Mshipa unaoleta damu huku umeziba," alisema. "Bibi, ukilala mguu unauwekaje?"

"Nauning'iniza, ndipo napata nafuu. Lakini nina askari wangu hapa, anaurudisha juu ya mto."

Daktari alimgeukia Kamanda. "Ukiwa chini, damu kidogo inayopita huteremka kwa urahisi. Ukiupandisha, hata hiyo kidogo haifiki. Ndiyo maana ulimuuma."

Kamanda alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mtaukata?" Bibi aliuliza. Safari hii hakukuwa na utani.

"Tutapigana usifike huko. Moyo wako umechoka, hauwezi upasuaji mkubwa. Tutakupiga ganzi, tupitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa, tupapanue palipoziba. Mngechelewa zaidi, ningekuwa na maneno mengine."

Kazi hiyo ilifanyika, na mguu ukaanza kupata joto. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, na Bibi alimlalamikia kila muuguzi aliyekigusa.

Siku ya kurudi nyumbani, Mama aliwaweka wote wawili kitako.

"Mmenichosha! Wewe, Mama, umeficha kidonda kwa kuogopa kukatwa mguu, na huko kuficha ndiko kulikotaka kukukatisha mguu. Na wewe, bibi yako alikwambia kila siku kwamba anaumia, ukamwambia anadeka. Mtu akisema anaumia, muulize, msikilize, kisha mpeleke kwa anayejua. Amri haitibu."



Alasiri iliyofuata Kamanda aliingia chumbani polepole, mto mkononi.

"Bibi, leo mguu unautaka wapi?"

Bibi alikuwa amejilaza, miguu yote miwili imenyooka kitandani.

"Hapa hapa ulipo," alisema. "Huo mto niletee kichwani."