Betri Moja Iliyochoka

Naanyu alimaliza kukamua kabla jua halijachomoza. Akachuja maziwa, akajaza madumu, akayapakia kwenye kigari chake cha umeme. Zamani kigari hicho kilibeba wageni hotelini. Siku hizi kilibeba maziwa kutoka bomani hadi kituo cha kununulia maziwa cha Mkata.

Naanyu aliuza punda wake ili akinunue. Mumewe, mzee Mepukori, hakuwahi kulisahau jambo hilo.

"Punda haishiwi chaji," alikuwa akisema.

Na mwezi huu alikuwa na sababu ya kusema. Kigari kilikuwa kikifika kwenye mwinuko wa korongo, kinalegea, kisha kinasimama. Maziwa yanapigwa na jua. Jana yalifika Mkata yameanza kuchachuka, yakakataliwa. Naanyu akarudi nayo nyumbani, amenyong'onyea.

"Nimepata mnunuzi," Mepukori alimwambia asubuhi hiyo. "Anakuja kesho kutwa. Tukiuze, turudishe punda."

"Lakini, Baba Kuntai, kila siku nakichaji kule Mkata."

"Hebu soma hapa." Mepukori alionyesha kioo kidogo karibu na usukani. "Kigari kimeandikwa volti 48. Na hapa panasoma 48. Kimejaa, na bado hakipandi. Basi ni kibovu."

Naanyu aliyashusha madumu kigarini. Ng'ombe ni wa mume, lakini maziwa ni ya mke. Bila kigari, maziwa yake yangeozea nyumbani. Roho ilimuuma.

Akamfuata Hamisa, binti wa jirani yao mzee Hussein. Hamisa ni fundi wa betri kule Manundu, Korogwe. Wiki hiyo alikuwa amekuja kumsaidia baba yake kuvuna mahindi. Alifika bomani na kipimo chake cha umeme mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo utuambie ukweli kwamba kigari hiki kimekufa."

"Tusikizike kabla hatujakipima," Hamisa alisema.

Akainua kiti. Chini yake kulikuwa na betri nne. Naanyu akapeleka mkono kugusa. Hamisa akamdaka.

"Vua bangili kwanza, mama. Chuma kikigusa vichwa viwili vya betri, cheche zinaruka na unaungua."

Kuvua bangili za Naanyu si kazi ya mara moja. Alizivua zote, akampa mumewe azishike. Mzee wa watu akabaki amesimama, mikono imejaa mapambo.

"Kila betri hapa ni ya volti 12," Hamisa alieleza. "Zimeunganishwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo volti zinajumlishwa. Kumi na mbili mara nne ni 48. Lakini 48 ni jina la kigari tu. Kikishachajiwa kikajaa, kikapumzika, kinasoma karibu 51. Kikisoma 48, chaji imeshapungua."

"Kumbe," Mepukori alisema polepole.

"Sasa tupime moja moja."

Betri ya kwanza ilisoma volti 12.4. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne ilisoma 11.2.

"Mgonjwa ndiye huyu," Hamisa alisema. "Ukiangalia jumla peke yake, humwoni. Mama, ukiwafunga punda wanne pamoja, mmoja akiwa amechoka, mnakwenda mwendo wa nani?"

"Wa aliyechoka."

"Basi ndivyo ilivyo. Sasa huyu amechoshwa na nini?" Hamisa akavuta nyaya mbili nyembamba zilizofungwa kwenye betri ya nne. "Na hizi ni za nini?"

Naanyu akamtazama mumewe. Mepukori akazitazama bangili.

"Za taa ya zizi la ndama," alisema. "Na redio. Redio inataka volti 12, nikachukua betri moja."

"Umepiga hesabu vizuri, mzee. Ila betri hii mchana inavuta kigari na wenzake, usiku inafanya kazi peke yake. Chaja nayo inazichaji zote kwa pamoja. Tatu zinashiba, hii inabaki na njaa."

Naanyu alicheka mpaka akashika mbavu. "Kikulacho ki nguoni mwako! Kumbe redio yako ndiyo inakula maziwa yangu."

Mepukori naye akacheka, kwa aibu. "Ninunue betri moja mpya?"

"Bado. Ukichanganya mpya na kuukuu, hiyo mpya nayo itachoka mapema. Kwanza tuichaji hii peke yake, kwa chaja yangu ya volti 12. Na taa na redio mzipatie sola yake ndogo."

Waliondoa zile nyaya, wakakikokota kigari hadi kwa mzee Hussein, penye umeme. Waliichaji betri nje, penye hewa, mbali na moto, kwa sababu betri ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kuwaka. Kesho yake, baada ya zote kushiba na kupumzika, kila moja ilisoma 12.7. Kioo kilisoma karibu 51.

Siku iliyofuata Naanyu alifika kwenye mwinuko wa korongo. Alikaza mikono kwenye usukani. Kigari kikapanda hadi juu bila kusimama. Mkata maziwa yake yalipimwa, yakapokewa yote.

Mnunuzi alifika bomani wakati huo huo. Akamkuta Mepukori peke yake.

"Kiko wapi hicho kigari kinachokwama?"

"Hakipo," Mepukori alisema. "Kimekwenda Mkata na mwenyewe. Ukitaka kununua kitu, nina redio."