Konokono wa Nasieku na Ndoo Nyekundu

Kila asubuhi kabla ya kunywa chai, Nasieku alichungulia tangi lake la kioo. Lilikaa juu ya meza ndogo sebuleni, nyumbani kwao pembeni mwa mji wa Kitengela, na ndani yake waliishi konokono wa maji wenye magamba ya manjano. Rafiki yake Mugure ndiye aliyempa wawili wa kwanza. Wengine walizaliwa humo humo. Nasieku aliwalisha vipande vya sukuma wiki iliyochemshwa na kuwawekea maganda ya mayai ili magamba yao yawe magumu. Baba yake, Lemein, ambaye alifuga mbuzi, alisema hajawahi kuona mifugo isiyotoa maziwa wala ngozi. Lakini jioni hata yeye alisimama pale akitazama jinsi wanavyopanda kioo polepole, huku Leshan, kitinda mimba wa miaka minne, akiwafuata kwa kidole.

Maji nyumbani hapo yalikuwa ya kununua. Boza, lile lori la maji, lilipokuja, pipa la jikoni lilijazwa, na kutoka pipa hilo watu walikunywa, walipika na kuoga. Hakuna tone lililomwagwa hivi hivi. Maji machafu ya konokono yalipelekwa kwenye bustani ya sukuma, na maji safi yaliyobaki ndooni yalirudishwa pipani. Nasieku alilelewa hivyo, wala hakuona ajabu.

Kulikuwa na ndoo ya samawati ya konokono na ndoo nyekundu ya dawa ya kupe. Ile nyekundu haikuruhusiwa kutoka zizini. Baba alikuwa ameonya waziwazi: "Siku nitaona hii ndoo kwa nyumba, hao konokono wako wataenda."

Jumamosi moja baba aliamka mapema kuwanyunyizia mbuzi dawa. Lori la kwenda soko la mifugo la Kajiado lilimkuta bado ana pampu mgongoni. Akavua pampu, akaifungia stoo pamoja na chupa ya dawa, akaondoka mbio na kuisahau ndoo nyekundu nje ya zizi. Mama, Zipporah, alikuwa ameloweka nguo katika ndoo ya samawati. Nasieku naye alitaka kubadilisha maji ya konokono upesi ili aende kucheza kwa kina Mugure.

Aliitazama ndoo nyekundu. Ndani kulikuwa na maji meupe kidogo tu. Akayamwaga, akaisuuza kwa kikombe kimoja, maana maji ni ghali, kisha akaichovya pipani. Hakuona kwamba dawa yenyewe, ile nzito ya chupani, ilikuwa imetiririka ikagandia ubavu wa nje wa ndoo. Nusu ya maji aliimimina tangini. Nusu iliyobaki aliirudisha pipani, kama alivyofunzwa. Ndoo akairudisha zizini, akajiona mjanja.

Mchana aliporudi, hakuna konokono hata mmoja aliyekuwa juu ya kioo. Wote walikuwa wameanguka chini, miili yao ikining'inia nje ya magamba. Alipomgusa mmoja kwa kidole, hakujikunja. Nasieku akainamia maji na kunusa. Yalinuka dawa ya kupe. Ndipo alipokumbuka pipa.

Tusimwonee. Alikuwa mtoto na aliogopa. Lakini alijua, na kujua huko ndiko kunakofanya kisa hiki kiwe kigumu kusimulia.

"Nasieku, hao konokono wako na shida gani?" mama aliuliza akipita na nguo za kuanika. "Mbona wamelala hivyo?"

"Ni joto, Yeyo," Nasieku alijibu. Yeyo ndivyo alivyomwita mama yake, kama watoto wengi wa Kimaasai.

"Pole. Basi watoe kabla hawajaanza kunuka."

Ingekuwa rahisi kusema neno moja hapo. Badala yake, Nasieku alipanga kwamba mama akienda dukani, yeye atalipindua pipa lote na kusema limeanguka lenyewe. Ulikuwa uongo wa pili wa kuusaidia ule wa kwanza. Lakini mama hakwenda dukani. Nasieku akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, akililinda pipa kwa macho.

"Unakaa hapo unangoja nini?" mama aliuliza. "Mbuzi ameingia kwa sukuma. Enda umtoe."

Alikimbia, akamfukuza mbuzi, akarudi mbio. Leshan alikuwa amesimama kando ya pipa, kikombe mkononi, kidevu kikidondosha maji.

"Umekunywa?"

"Nilikuwa na kiu."

Hata hapo Nasieku hakusema. Alimnyang'anya kikombe, akakificha nyuma ya jiko, akajiambia kwamba kikombe kimoja si kitu.

Kabla jua halijatua, Leshan alianza kutapika. Mate yalimtoka bila kukoma, macho yalimwaga machozi ingawa hakuwa analia, na miguu ikakataa kumbeba. Mama alimnyanyua, akampigia kelele Kahiga, jirani mwenye pikipiki. Nasieku alipanda nyuma yao bila kuulizwa, na Kahiga akawakimbiza wote hospitalini.

Daktari Ochola alimulika macho ya mtoto kwa tochi. "Amekula nini leo?"

"Mandazi, kwa jirani," mama alisema. "Labda yalikuwa ya jana."

"Hii haifanani na mandazi. Nyumbani muko na dawa yoyote? Ya panya, ya mifugo?"

"Iko ya kupe, lakini inafungiwa. Huyu hawezi kuifikia."

Mama alilisema hilo kwa uhakika kabisa, na daktari akaanza kuuliza mambo mengine. Nasieku aliushika mkono wa mdogo wake. Ulikuwa umelegea. Aliubonyeza, nao haukujikunja. Kifua cha Leshan kilikoroma, na Nasieku akaona wazi kwamba mtoto huyu angekufa mbele yake huku yeye mwenyewe amefunga mdomo.

"Iko kwa maji," alisema. "Dawa ya kupe iko kwa pipa. Ni mimi. Nilichota na ndoo nyekundu, na Leshan akakunywa. Konokono walikufa mchana."

Mama alimgeukia, akamtazama kana kwamba hamjui. Daktari hakumgombeza. Alitaka tu kujua ni dawa ya aina gani na kama kuna mwingine aliyekunywa. Mama alisema hakuna mwingine, kisha akampigia jirani yao Eunice na kumwambia mahali ufunguo ulipo, apige picha ya chupa ile na asimruhusu mtu yeyote kugusa pipa. Picha ilipofika kwenye simu, daktari aliisoma mara moja tu, akamtuma muuguzi alete sindano.

Baba alifika akitokea Kajiado, bado ananuka mbuzi. Alisimama karibu na kitanda.

"Ndoo niliiacha nje mimi," alimwambia Nasieku. "Hilo kosa ni langu, na nitalibeba. Kuichukua ni kosa lako. Lakini mtu anaweza kukosea, Nasieku. Wewe ulijua mchana. Mpaka jioni ulikuwa unajua."

Nasieku alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Leshan aliruhusiwa kurudi nyumbani wiki iliyofuata, amekonda, sauti ndogo. Baba alikuwa amewazika konokono kwenye shimo refu mbali na bustani, pamoja na ndoo nyekundu aliyoitoboa toboa. Jikoni kulikuwa na pipa jipya lenye kifuniko. Tangi la kioo lilikuwa tupu.

Leshan aliomba maji. Nasieku akawahi, akachota kikombe na kukileta. Mama alikipokea yeye. Akakinusa, akaonja kidogo, akangoja, ndipo akampa mtoto.

Uso wa Nasieku uliwaka kwa aibu. "Yeyo, ni safi. Nimetoa kwa pipa mpya."

"Najua," mama alisema taratibu. "Sikuchukii, mwanangu. Ungeniambia ukweli mchana ule, tungemwaga maji, tuwalilie konokono tu, iishe. Lakini nilikuuliza, ukaniambia ni joto, na mimi nikakuamini. Sasa ukiniletea kitu, lazima ninuse kwanza. Hivyo ndivyo uongo unavyoharibu. Nitakuamini tena, lakini si leo."

Leshan alimaliza maji, akamrudishia dada yake kikombe, akaomba mengine. Nasieku alichota tena, akampelekea mama kwanza.